Nilivyojifanya Mgeni Mombasa

Nimezaliwa Kibokoni, dakika chache kwa miguu kutoka Fort Jesus, na hadi juzi nilikuwa sijaingia ndani yake. Tulicheza mpira kando ya kuta zile, tukaogelea chini yake, basi. Aibu ilinipata Nairobi, siku mwenzangu wa kazini, mtu wa Kisumu, aliponisimulia habari za ngome ya kwetu nami naitikia kama ninayejua.

Desemba nikapanda treni hadi Miritini, nikachukua chumba katika nyumba ya wageni Mji wa Kale. Sikumwambia mtu, mama mdogo hasa. Nilijiwekea sharti moja: nisijitie ujuaji.

Langoni kijana mmoja anayetembeza wageni akanipokea kwa "Jambo!" Mwenyeji wa Mombasa hasalimiwi hivyo, kwa hiyo nikajua kofia na kamera vimefanya kazi. Nikamjibu "Jambo!" kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 nilikuwa nimesoma shuleni. Kuzingirwa kwake ndiko nilikokuwa sikujui: Waomani waliizunguka kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakamalizwa na maradhi zaidi kuliko risasi. Lakini kilichonigandisha ni michoro ya ukutani. Askari na mabaharia wa Kireno walichora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu, milingoti imepinda, mistari inatetemeka kama ya mtoto. Mimi nilichapwa kwa kosa hilohilo. Nilichora jahazi kwa makaa kwenye ukuta wa bibi, uliokuwa umetoka kupakwa chokaa ya Idi. Nikasimama pale hadi kijana akaanza kukohoa.

Tulipotokea barabara ya Ndia Kuu akanifafanulia, kwa upole kabisa, kwamba "ndia" kwa lahaja ya hapa ni "njia". Nikamshukuru. Mashavu yaliniuma kwa kuzuia kicheko.

Mambo yaliharibika jioni, kwa mzee wa kahawa tungu. Nilikuwa nimeinama kuchukua kashata, upepo ukageuka, moshi wa makaa ya dele lake ukanijaa machoni. "Mato yangu!" nikapiga kelele.

Mzee akakiweka chini kikombe alichokuwa akikisuza.

"Mato? Ni mwana wa nani wewe?"

Nikajaribu kusema natoka Nairobi. Akanitazama tu. Nikamtaja marehemu baba, na kahawa ya pili sikulipishwa.

Asubuhi, kabla hata mahamri hayajafika mezani, simu ikalia.

"Umekuya kwenu ukalala kwa kulipa?" Mama mdogo hakungoja jibu. "Kwa kulipa!"

Nikabeba begi nikaenda. Alininunia mpaka mbaazi zikaisha kwenye sahani, ndipo nikamweleza ile michoro ya merikebu. Akashtuka.

"Mle? Mle ni jela."

Na kweli ilikuwa jela, hadi 1958, na mama yake aliendelea kumtishia nayo miaka mingi baada ya wafungwa kuhamishwa. Anaishi palepale, umri umemwendea, naye pia hajaingia. Nikamwambia kesho twende, tiketi juu yangu. Akanyamaza kitambo, akakung'uta makombo ya mahamri kwenye leso, kisha akauliza kama langoni wanamruhusu mtu kuingia na chupa yake ya chai.