Jumamosi ya Asilimia, Sinza 2021

Spotify, jukwaa la kusikiliza muziki mtandaoni, ilifunguliwa Tanzania na Kenya Februari 2021, na kabla mwezi haujaisha kila mwenye wimbo kwenye flash alitaka "kupandishwa", yaani wimbo wake uwekwe humo. Kati ya kazi zilizopita mikononi mwetu mwaka ule, sisi tunaowaandalia wasanii nyimbo za kupandishwa, ninayoikumbuka zaidi ni ya nyimbo tano zilizorekodiwa studio moja ya Sinza, Dar es Salaam. Gharama za studio alilipa mwimbaji. Biti zilikuwa za prodyuza. Gitaa alipiga mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi kwenye bendi za dansi, na wimbo wa tatu ulikuwa na kiitikio cha dada kutoka Mombasa. Mixi na masta vilishakamilika, mafaili ya WAV ya 24-bit, 44.1 kHz. Wao waliona kilichobaki ni kupandisha tu. Sisi tukawaketisha kwanza Jumamosi moja, dada akiwa hewani kwa simu, kwa sababu wimbo ukishapendwa hakuna tena anayekubali asilimia kumi.

Kila wimbo ulipewa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: nani aliandika mashairi, nani alitunga muziki. Ya pili ni ya rekodi: sauti ile iliyonaswa studio ni mali ya nani. Mapato ya hivi viwili hupita njia tofauti, na anayeyachanganya hushangaa baadaye kwa nini upande mmoja unaingiza na mwingine umekauka. Kila jina liliandikwa mara mbili, la kisanii na la kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi, likifuatiwa na namba ya simu, barua pepe, chama cha hakimiliki, namba ya IPI, ile ya kimataifa ya kumtambua mtunzi, kwa aliye nayo, asilimia na sahihi. Jumla ya kila karatasi lazima iwe 100. Ikifika 99, au 105, pale mapato yanapogawanywa fungu hilo huzuiwa hadi wahusika wapatane.

Wimbo wa tatu ndio uliochukua mchana mzima. Prodyuza alishika msimamo kwamba mzee amelipwa posho ya siku, basi ameshamalizana naye. Mzee hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hilo gitaa la mwanzoni ulinipa wewe, au nilikuja nalo mimi?"

Tulifungua projekti kwenye kompyuta, tukazima traki ya gitaa, tukacheza tena. Kiitikio kikabaki hewani hakina pa kukanyagia. Kipimo hiki si cha mahakamani, lakini studio hukata ugomvi mwingi: ukiondoa kile alicholeta mtu na wimbo ukawa mwingine, huyo ametunga. Angepiga alichoandikiwa angekuwa mtumbuizaji, mwenye hakishiriki, yaani haki ya mtumbuizaji juu ya alichopiga, na posho yake. Utunzi tukaugawa hivi: mashairi 50, mwimbaji 35 na dada 15, muziki 50, prodyuza 30 na mzee 20. Rekodi ikawa mwimbaji 65, prodyuza 20, dada 15. Mzee hakuingizwa kwenye rekodi kwa sababu posho alishachukua, naye akaridhika. Prodyuza alitaka sahihi zisubiri wiki ijayo. "Tusiandikie mate na wino upo," mzee akasema, akavuta kalamu.

Kisha ikaja kazi ya namba. Kila rekodi hupewa ISRC yake, namba ya kimataifa ya kuitambulisha, yenye alama 12: herufi mbili za mwanzo, alama tatu za mtoaji, tarakimu mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Zetu zilianza na QZ kwa kuwa msambazaji, kampuni inayofikisha nyimbo kwenye majukwaa, alikuwa wa Marekani, na hilo halina neno. Hakuna haki inayohamia Marekani kwa herufi hizo. Toleo la ala tupu lilipata namba yake, na video pia. Zote tuliziandika kwenye daftari, si kwenye mfumo wa msambazaji peke yake, maana ukihama kwenda kwa msambazaji mwingine na kupewa namba mpya, hesabu ya usikilizaji huanza upya na kazi ya miaka hupotea. Kifurushi cha nyimbo zote tano kina namba yake nyingine, UPC, na hiyo haichukui nafasi ya ISRC.

Kava tuliyoletewa ilikuwa nzuri kwa ukutani, na ilikuwa na namba ya simu ya kukodi bendi, nembo ya studio na maneno "inatoka hivi karibuni". Yote matatu hukataliwa. Majukwaa yanataka mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, JPG, rangi za RGB, zile za skrini. Mchoraji aliyezoea mabango alikuwa amehifadhi kwa CMYK, rangi za mtambo wa kuchapa, na faili la namna hiyo hukataliwa au hutoka limepauka. Maandishi ya kava nayo lazima yafanane na yaliyojazwa kwenye fomu, jina la msanii na jina la kazi, basi.

Upande wa majina palikuwa na mtego mkubwa zaidi. Dada alikuwa na ukurasa tayari kwenye majukwaa, na kuna rapa wa nchi nyingine anayetumia jina lilelile. Ukiandika jina tu bila kuchagua ukurasa, mfumo unaweza kuupeleka wimbo kwa rapa, na kuurudisha ni barua za wiki kadhaa. Tulibandika kiungo cha ukurasa wake wa Spotify na cha Apple Music. Neno "feat." hatukuliandika kwenye jina la wimbo, dada aliwekwa kwenye nafasi ya msanii mshirikishwa, mfumo ukaliongeza wenyewe. Lugha tulijaza Kiswahili. Watu huacha Kiingereza kwa uvivu, halafu wanalalamika kwamba hawaonekani kwenye orodha za kwao.

Tarehe ya kutoka tuliweka Ijumaa, ikiwa mbele kwa wiki nne. Spotify inataka wimbo upendekezwe kwa wahariri siku 7 kabla angalau, na huwezi kuupendekeza mpaka uonekane kwenye akaunti ya msanii, jambo linaloweza kuchelewa. Anayepandisha Jumatano ili itoke Ijumaa amejinyima mwenyewe nafasi hiyo.

Malipo tuliyapitisha kwa mgawo wa moja kwa moja: kila mtu anafungua akaunti yake kwa msambazaji, na mfumo unamgawia. Hapa dada alitaka kutumia barua pepe ya kaka yake. Tukamkatalia, maana fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, hujazwa na mwenye mapato kwa jina la kitambulisho, na jina hilo lazima lilingane na la akaunti ya kupokelea. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayotokana na wasikilizaji walioko Marekani hukatwa asilimia 30. Ya wasikilizaji wa Temeke au Nyali hayaguswi na makato hayo.

Usajili ulifuata. Wa Dar walikwenda COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, na rekodi, mashairi na nakala za karatasi. Wakati ule COSOTA ndiyo iliyosajili na kukusanya. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yakaibakiza kuwa ofisi ya hakimiliki, na ukusanyaji ukahamia kwa taasisi nyingine. Kwa dada, upande wa Kenya, mlango haukuwa mmoja wakati ule, vyama vilikuwa vitatu: MCSK kwa utunzi, PRISK kwa sauti aliyotumbuiza, na KAMP ilikuwa ya wamiliki wa rekodi. Tulimtumia dada picha ya karatasi na sharti moja, asijaze tarakimu yoyote tofauti na ya huku.

Nyimbo zilitoka Ijumaa. Kufikia Jumapili video ya wimbo wa nne ilikuwa na dai la Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zilizoandikishwa, matangazo yanaingiza lakini si kwetu. Mtu wa mbali alikuwa ameandikisha wimbo wake uliojengwa kwa lupu, kipande cha kurudiwarudiwa, ya ngoma ileile aliyoinunua prodyuza. Lupu za namna hiyo huuzwa kwa wengi, hakuna mnunuzi anayeimiliki peke yake, na kuiandikisha Content ID ni kudai cha wote. Tulipinga siku hiyohiyo tukiambatanisha leseni ya ununuzi. Upesi huo una faida: pingamizi likiwekwa ndani ya siku 5, mapato hushikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai. Mdai ana siku 30 za kujibu. Huyu hakujibu, dai likafa, fedha zikaachiwa. Wimbo huo sisi wenyewe hatukuuingiza Content ID, kwa sababu ileile. Zile nne nyingine ziliingia.

Taarifa ya kwanza ya mapato ilikuja baada ya miezi miwili na kitu, ndio mwendo wa kawaida. Mzee akapiga simu.

"Wenzangu wamepata. Yangu iko wapi?"

Yake ilikuwa kwenye karatasi ya utunzi, na msambazaji hulipa upande wa rekodi peke yake. Fungu la mtunzi hufuata vyama na mawakala wa uchapishaji wa muziki, hufika polepole, na kwa wimbo unaosikilizwa zaidi mtandaoni kuliko redioni linaweza kuchelewa mno. Mwimbaji, nampa haki yake, hakusubiri kubembelezwa: alikata 5 kwenye 65 zake za rekodi. Karatasi mpya ikasainiwa na wote, 60, 20, 15 na 5, na mzee akafunguliwa akaunti. Ila mgawo mpya kwa msambazaji yule haurudi nyuma, unahesabu kuanzia siku ulipowekwa, kwa hiyo cha miezi iliyopita mwimbaji alikipiga hesabu mwenyewe akamtumia kwa M-Pesa.