Binti wa Estonia aliyeninyima usingizi

Julai 2022, usiku wa manane, niko macho na simu mkononi. Fainali ya kuruka juu wanawake, Mashindano ya Dunia, Eugene, Marekani. Nilikuwa namsubiri Mahuchikh wa Ukraine. Roho yangu ikachukuliwa na Karmen Bruus wa Estonia, miaka 17 tu!

Jamani, mita 1.96 katikati ya wakubwa wa dunia, akamaliza wa saba. Mimi shuleni tuliruka kamba ya katani, tukatua kwenye mchanga. Ile hatua ya mwisho naijua: kisigino kinagonga chini, mwili unajipinda, mgongo unapita juu ya kamba na roho iko mkononi. Ndiyo maana nilipiga kelele hadi nikaamsha nyumba nzima.

Agosti akaenda Cali, Kolombia, akabeba dhahabu ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 kwa mita 1.95. Nchi yao ina watu milioni 1.3 hivi, na ndiyo iliyomtoa Erki Nool, bingwa wa dekathloni (mashindano ya michezo kumi ya riadha kwa mtu mmoja) Olimpiki ya Sydney 2000.

Tangu usiku ule, kila msimu ukianza, jina lake ndilo natafuta kwanza.