Fomu Iliyokaa Siku Nne

Fomu ya kuomba chuo ilikaa siku nne ndani ya daftari langu, nafasi ya jina la shahada ikiwa tupu, kwa sababu mjomba alikuwa hajaridhia. Ilikuwa mwaka 2009, nyumbani Newala. Kwetu Wamakonde neno la mjomba juu ya mpwa wake lina uzito, na yeye ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza kwa fedha za korosho. Alitaka nisome uhasibu, kwani mhasibu huhitajiwa halmashauri, hospitali, hata katika chama cha msingi cha ushirika kijijini.

Mimi nilitaka shahada ya fedha. Mwaka uliotangulia, nikiwa kidato cha sita, Serikali iliuza kwa umma sehemu ya hisa zake katika benki ya NMB, nami nikauchukua waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachomweleza mnunuzi hali ya benki na hisa zinazouzwa, katika tawi lake la Mtwara mjini, nikausoma bwenini hadi taa zilipozimwa. Hisa moja iliuzwa shilingi 600. Kwa nini 600, si 400 wala 900? Mwalimu wetu wa hisabati alinieleza kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kupiga hesabu hiyo, na kwamba katika nchi zenye masoko makubwa wengi wao wamo katika benki za uwekezaji, ambazo huzitafutia kampuni na serikali mtaji kwa kuuza hisa na hatifungani, yaani hati za mkopo, na hushauri kampuni moja inapotaka kuinunua nyingine. Tangu siku hiyo sikutamani kazi nyingine.

Jioni ya siku ya nne nilimweleza mjomba kwa mambo ya korosho, ambayo aliyajua kuliko mimi: kangomba, yaani walanguzi kununua kwa vipimo vyao wenyewe, na stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka korosho ghalani, akapewa stakabadhi, nazo zikauzwa kwa mnada.

“Mjomba, wakati wa kangomba bei ilipangwa na nani?”

“Na mwenye kipimo mkononi.”

“Na sasa, katika stakabadhi ghalani?”

“Na mnada.”

Nikamwambia kwamba mhasibu wa chama huiandika bei baada ya mnada kwisha, na mimi nilitaka kuwa miongoni mwa wanaokadiria bei ya hisa kabla hazijauzwa, kwa kuhesabu fedha ambazo kampuni itaingiza miaka ijayo na kuzirudisha kwenye thamani yake ya leo.

Alinyamaza kwa muda mrefu. “Na huyo mkadiriaji, mpwa wangu, asipojua kusoma vitabu vya mhasibu, atakadiria nini?”

Sikuwa na jibu. Nimeshathamini kampuni nyingi tangu wakati ule, na kila mara kazi imeanzia kwenye vitabu vya mhasibu: mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na taarifa ya mtiririko wa fedha. Kwa ajili ya swali lake niliiacha shahada ya uchumi na takwimu, niliyokuwa nimeifikiria pia, ambayo ingenipa hesabu nzuri lakini ingeniweka mbali na vitabu vya kampuni. Niliandika Shahada ya Biashara, mkondo wa fedha, ambamo uhasibu ulifundishwa kuanzia mwaka wa kwanza.

Mjomba aliniomba nimsomee nilichoandika. Nilimsomea mara mbili, kisha akaingia ndani kunitafutia fedha ya stempu.