Nilitaka ya 1978, nimeletewa ya 1988

Yaani kifurushi nimekifungua nimesimama mlangoni hata viatu sijavua, cha kwanza kuona ni ule muhuri mwekundu wa ANSI (shirika la viwango la Marekani) juu ya jalada, alama ya toleo la pili. Nikajua nishapigwa. Nilikuwa natafuta The C Programming Language, kitabu cha Kernighan na Ritchie cha lugha ya kuandikia programu iitwayo C, toleo la kwanza la 1978, na muuzaji kaweka picha ya toleo hilohilo, ile C kubwa ya bluu bila muhuri wowote, kumbe picha kaiokota tu mtandaoni, kitabu alichonacho ni toleo la pili la 1988. Ila na mimi uzembe, sikuomba picha ya ukurasa wa hakimiliki. Ningeiona ISBN ningejua palepale, ya kwanza inaishia 110163-3 na ya pili 110362-8, nishazikariri kama namba ya simu ya mama.

Kwa anayejifunza la pili ndo zuri, hilo sibishi. Lakini kwenye la kwanza C bado haijanyooshwa, aina za vigezo (zile thamani inazopewa fankisheni, yaani kipande cha programu chenye jina lake) zinaandikwa nje ya mabano ya fankisheni, kwenye mistari ya chini yake kabla kodi yenyewe haijaanza, na ukifungua kodi za Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, za enzi hizo ndo lugha utakayoikuta mle. Mi nataka niisome hivyo hivyo, na kutu yake.

Vitabu vya BASIC, lugha ya programu ya wanaoanza, vya Commodore 64 na ZX Spectrum, kompyuta za nyumbani za miaka ya 80, havinisumbui hivi, vile nanunua vilivyochorwachorwa makusudi, maana mtu alikopi programu mstari kwa mstari kwa vidole vyake, akikuta kosa la uchapaji anasahihisha kwa penseli. Kisafi sana nakitilia shaka.

Sasa hiki cha jana nilishakifunga nikirudishe, nikakifungua tena kidogo tu. Mwenyewe wa zamani kapiga mistari kila ukurasa, mazoezi kayawekea tiki, mpaka sura ya 5, ya pointa, yaani anwani za mahali data ilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hapo kachora visanduku na mishale, kafuta, kachora tena mpaka karatasi imekaribia kutoboka, pembeni kaweka alama tatu za kuuliza. Kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna penseli hata nukta. Nilicheka peke yangu, maana na mimi mara ya kwanza niliishia hapohapo.

Sikirudishi. Kuna mwingine anasema analo la 1978, nimemwomba picha ya ukurasa wa hakimiliki tangu asubuhi, kasoma, kimya.