Kiboko wa Tal

Juzi jioni mjukuu wangu alikuwa ameketi sakafuni akitazama kwenye televisheni viboko wa Katavi, wamebanana katika dimbwi la matope lililosalia baada ya mto kukauka, ngozi zao zimepauka kwa jua na mmoja wao amezama hadi masikioni. Aligeuka akaniuliza, kwa uzito wa mtu ambaye tayari amekabidhiwa kazi hiyo: "Babu, huyu atatolewaje?" Nilicheka peke yangu, na bibi yake akataka kujua ni nini kinachochekesha kwa mnyama anayeteseka. Sikuwa na jibu fupi la kumpa, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yameshafika Riga, mji mkuu wa Latvia ya leo, Oktoba ya 1988, kwenye meza ya mbao bustanini na farasi mweusi wa sataranji aliyekatika sikio.

Siku za Jumapili, baridi ilipokuwa bado inavumilika, tulikuwa tukitoka bwenini kwenda kwenye bustani ya katikati ya mji, ambayo wakati ule ilikuwa na jina la Kirov na sasa imerudi kuitwa Vērmanes, kuwatazama wazee wakicheza sataranji. Mikhail Tal, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alizaliwa katika mji huo mwaka 1936, na wazee wale walimzungumzia kama wazee wa kwetu wanavyomzungumzia mwanasoka waliyemwona akianzia chandimu. Kila mmoja alikuwa amewahi kucheza naye, au kunywa naye, au angalau kumwashia sigara. Mwaka ule walikuwa na sababu ya ziada ya kutamba: mwezi Februari, akiwa na miaka 51 na figo zilizomtesa kwa miaka mingi, Tal alikuwa amekwenda Kanada akatwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa dakika tano, katika mashindano ambayo Kasparov na Karpov wenyewe, vigogo wa sataranji wa wakati ule, walishiriki.

Mzee niliyekuwa nikicheza naye alivaa kofia ya manyoya hata siku isiyostahili kofia. Ndiye aliyenisimulia habari za kiboko. Kisa hicho Tal alikuwa akikisimulia mwenyewe: alikuwa akicheza na Vasiukov katika mashindano ya ubingwa wa Kisovieti, akifikiria kutoa farasi kafara, na hesabu zikamjaa kichwani hadi zikawa vurugu tupu. Hapo ghafla ukamjia mstari wa shairi la watoto la Kirusi kuhusu ugumu wa kumtoa kiboko kwenye kinamasi, naye, saa ikiendelea kumla dakika zake, akaacha sataranji na kuanza kutafuta namna ya kumtoa kiboko yule. Alifikiria jeki, akafikiria nyenzo, akafikiria helikopta, hata ngazi ya kamba. Aliposhindwa kabisa, akaamua kwa hasira: basi na azame! Kiboko akatoweka, ubao ukaonekana upya, na farasi akatolewa kafara bila hesabu yoyote ya mwisho. Kesho yake Tal akasoma gazetini kwamba baada ya kutafakari kwa dakika 40 alikuwa ametoa kafara iliyopigiwa hesabu barabara.

Mzee aliicheka habari ya gazeti kuliko ya kiboko.

Kisha alinipangia mchezo wa sita wa pambano la ubingwa wa dunia la 1960, Tal dhidi ya bingwa wa wakati huo, Botvinnik. Huo ndio ulionivuruga. Botvinnik alikuwa mhandisi wa umeme, mtu wa maandalizi na utaratibu, na mimi niliyekuwa nasomea ufundi wa ndege nilimwona kuwa ndugu yangu wa kazi. Tal alikuwa amesoma fasihi. Katika hatua ya 21 Tal, akicheza na weusi, alimweka farasi f4 (kila mraba wa ubao una herufi na namba yake), mahali ambapo askari wa kawaida angeweza kumla, na alichopata kwa hasara hiyo hakikuwa kitu cha kushikika: njia ilifunguka kwa tembo wake wa g7 (Warusi humwita askofu tembo, na ngome huiita mashua), na mpinzani akabebeshwa maswali mengi kwa wakati mmoja. Ukumbi ulichafuka kwa kelele hata mchezo ukahamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik alimla farasi, lakini katika hatua ya 25 alitumia ngome kumla malkia wakati jibu sahihi lilikuwa kumla askari kwa tembo, na mchezo ukamponyoka. Wachambuzi walionyesha baadaye kwamba kafara ile ilikuwa na kasoro. Lakini uchambuzi hufanywa na mtu aliyekaa na chai yake, bila saa na bila macho ya Tal yakimkodolea. Macho hayo yalikuwa na sifa ya kutisha kiasi kwamba mwaka 1959 mchezaji mwenzake Benko alikuja kucheza naye akiwa amevaa miwani ya jua.

Sasa Jumapili ninayoisema. Tulikuwa tumeweka saa dakika kumi kwa kila mmoja, nami nilikuwa na weusi. Majani ya manjano yalikuwa yakidondoka juu ya ubao na mzee akiyapuliza badala ya kuyaondoa kwa mkono, ili asisogeze kete. Mchezo ulikuwa umefika pale ambapo farasi wangu alisimama h5 na mbele yake kulikuwa na f4, mraba uleule. Nilianza kuhesabu. Akila, nitakula kwa askari wa e5, tembo wake wa e3 atashambuliwa, atarudi, kisha nini? Baada ya "kisha nini" ya tatu hesabu zilinichanganyikia, na nikajaribu, kwa makusudi na kwa ujinga wa ujana, kumwita kiboko. Hakuja. Kilichokuja ni lori la baba mdogo lililonasa kwenye tope jeusi la Rufiji mwaka mmoja wa mvua nyingi, wanaume wanane na kamba moja ya katani, na baba mdogo akipiga kelele kwamba wavute pamoja wakati kila mmoja anavuta kwa wakati wake. Nilipozinduka nilikuwa nimetumia dakika nne. Nilivua glavu ya kulia, kwa sababu niliona si heshima kufanya jambo kama lile na glavu, nikamshika farasi yule kwenye sikio lake lililokatika, nikamweka f4.

Sikuwa nimehesabu. Nilimweka pale kwa sababu Tal alimweka wake pale.

Wazee watatu waliokuwa wamesimama nyuma yetu walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, na kwa kuwa bustanini hakuna chumba cha nyuma, mzee wangu aliinua mkono tu bila kugeuka nao wakashusha sauti. Aliutazama ubao kidogo. Baadaye alinitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi. Akamla farasi kwa askari wa g, nikala kwa askari wa e, naye akamrudisha tembo d2. Hatua chache baadaye malkia wangu alikuwa ameingia b2, ngome zake zimekosa pa kukimbilia, na mzee akamlaza mfalme wake taratibu juu ya jani la manjano.

Nilikuwa bado sijamaliza kufurahi aliporudisha kete hadi pale tembo aliposhambuliwa. Safari hii hakumpeleka d2. Alimweka d4, uso kwa uso na tembo wangu wa g7, na kwa hatua hiyo moja njia yote niliyokuwa nimeilipia farasi ikazibika. Ilimchukua sekunde tano, labda pungufu.

"Hili ulikuwa umeliona, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Wewe je?"

Alivuta kofia yake akasema: "Mimi nilikuwa nakutazama wewe." Halafu akaanza kupanga kete kwa mchezo mwingine.

Neno hilo nimelizungusha kichwani kwa zaidi ya miaka 30. Huenda alikuwa na maana kwamba nilimbabaisha, kama Botvinnik alivyobabaika. Huenda pia aliniona kijana mgeni, mbali na kwao, amevua glavu kwa baridi ile, akaamua kunizawadia Jumapili moja. Sikumuuliza, na majira ya kuchipua yalipofika meza yake ilikuwa na watu wengine.

Nimefanya kazi yangu yote kwenye injini za ndege, ambako boliti hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa na anayekisia hufukuzwa, na ndivyo inavyotakiwa. Kijana akinijia na wazo lisilo na hesabu ninamrudisha kwenye kitabu. Hata hivyo nyumbani huupanga mchezo ule wa sita angalau mara moja kwa mwaka, na kila ninapofika hatua ya 21 nakuwa upande wa Tal, mimi niliyepaswa kuwa upande wa mhandisi. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Na kama ni kujitetea, Tal pia hakuwa mcheza kamari kama watu wanavyopenda kumpamba: kati ya 1973 na 1974 alicheza michezo 95 mfululizo bila kupoteza hata mmoja, na hiyo haipatikani kwa kutazama watu usoni pekee.

Mjukuu alikuwa bado ananisubiri. Jibu la Tal lisingefaa kwa mtoto wa miaka sita, kwa hiyo nilimwambia kwamba kiboko yule hatolewi na mtu, mvua zikianza mto utajaa na ataogelea mwenyewe.

"Zinaanza lini?" akauliza.

Nikamwambia Novemba, labda.

"Labda?" akasema, akageuka kumtazama kiboko wake.