Betri ya saa janja imechoka: kubadilisha, kuvumilia au kuachana nayo?

Saa iliyokuwa ikimaliza siku nzima sasa inazimika kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengi hukimbilia kwa fundi, wengine hununua nyingine. Haraka ya nini? Kuna hesabu inayotangulia: unahitaji masaa mangapi kwa siku, betri bado inatoa mangapi, na kifaa chenyewe kimebakiwa na miaka mingapi ya kufaa.

Betri hizi ni ndogo mno. Apple Watch Series 4 ya milimita 44 ina mAh 291.8 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), na Galaxy Watch4 ya milimita 44 ina mAh 361, wakati simu nyingi za leo zina kama 5,000. Udogo huo ndio unaoilazimisha saa kuchajiwa karibu kila siku, na kila chaji ina gharama yake. Ndani ya betri, ayoni za lithiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, husafiri kwenda na kurudi kati ya pande mbili. Kwenye upande wa grafaiti hujengeka utando mwembamba, na kadiri unavyonenepa ndivyo unavyonasa lithiamu ambayo haitarudi tena kazini. Hapo yanatokea mambo mawili kwa pamoja: ujazo unapungua, na ukinzani wa ndani unaongezeka, yaani umeme unapata shida zaidi kupita ndani ya betri. Watu huzungumzia la kwanza tu. La pili ndilo linaloizima saa huku kioo kinaonyesha asilimia 20. Ukiwasha GPS, saa inavuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaporomoka chini ya kiwango, na saketi ya ulinzi inakata. Ukiigusisha chaja inaamka na asilimia zake zile zile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Apple inasema betri ya Apple Watch imeundwa kubaki na asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili ya kuchaji. Mzunguko mmoja hauhesabiwi kwa kuweka saa kwenye chaja mara moja. Ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama umeitumia kwa siku mbili. Anayetumia asilimia 70 kwa siku humaliza mizunguko kama 255 kwa mwaka, kwa hiyo 1,000 inamfikisha karibu miaka minne. Betri ya mizunguko 500, kwa matumizi hayo hayo, itafika hapo kwa miaka miwili.

Sasa zigeuze asilimia hizo ziwe masaa. Saa iliyoahidiwa masaa 18, ukiitoa kwenye chaja saa 12 asubuhi, inatakiwa ikufikishe saa 6 usiku. Ikibaki na asilimia 80, inaishia kama saa 2:24 usiku. Kwa mtu anayeivua akirudi nyumbani hakuna kilichoharibika. Kwa anayetaka ipime usingizi wake, tayari ni tatizo. Ndiyo maana siiamini sana ile namba ya asilimia 80 ikisimama peke yake.

Saa za kukaa siku kumi bila chaji, kama baadhi ya Garmin, zina habari tofauti. Mizunguko yake haifiki hata 40 kwa mwaka, kwa hiyo kinachozizeesha zaidi ni umri na joto. Betri iliyojaa kabisa ikikaa kwenye joto huchakaa hata kama haitumiki. Kuiacha saa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, au kuichaji chini ya mto, kunaiumiza kuliko kuivaa kutwa nzima. Na ukitaka kuiweka kabatini miezi kadhaa, iache na asilimia kama 50. Ikiachwa kwenye sifuri, volti huendelea kushuka taratibu hadi saketi ya ulinzi inaifunga, na mara nyingi hairudi.

Kabla ya kuilaumu betri, ipime. Apple Watch ina ukurasa wa afya ya betri ndani ya mipangilio ya saa yenyewe, sehemu ya betri. Kama saa yako haina ukurasa wa namna hiyo, fanya majaribio mawili. La kwanza ni la usiku: chaji hadi 100, zima onyesho la kudumu (kioo kinachobaki kimewaka muda wote), weka hali ya ndege, iache mezani masaa 8. Usiku unaofuata rudia bila hali ya ndege. Ikiwa usiku wa kwanza imepoteza asilimia 5 na wa pili 30, anayekula chaji ni programu au mtandao, na betri mpya haitakusaidia. Futa sura za saa ulizopakua, punguza arifa za makundi ya WhatsApp, kisha itenganishe na simu na uiunganishe upya. Kama umeipa sasisho kubwa juzi tu, ipe siku mbili tatu kwanza. Jaribio la pili ni la mzigo: ikiwa na asilimia 40, washa GPS na mwanga wa juu kabisa kwa dakika 20 hadi 30. Asilimia zikishuka kwa mpangilio, betri bado ina nguvu. Zikiruka kutoka 34 hadi 22, au saa ikizimika, ukinzani umepanda, na hilo halitibiwi na mipangilio yoyote.

Betri ikithibitika kuchoka, lije suala la pesa. Nje ya dhamana, Apple nchini Marekani hutoza dola 99 kwa huduma ya betri ya saa. Kenya na Tanzania hakuna duka la Apple lenyewe, kwa hiyo wengi huishia kwa fundi simu. Kipimo changu ni hiki: kazi ikizidi theluthi moja ya bei ya saa kama hiyo iliyotumika lakini nzima, siifanyi. Tazama pia umri wa programu. watchOS 11, programu endeshi ya Apple Watch ya mwaka 2024, iliziacha Series 4, Series 5 na SE ya kwanza. Hazikufa siku hiyo, na kwa mtu wa kuhesabu hatua na kusoma ujumbe zinatosha. Ila kuiwekea betri ya gharama kubwa saa ambayo programu zake zitaanza kuikataa mwakani ni pesa iliyopotea.

Kwa saa za bei nafuu zinazojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, hesabu inageuka, kwa sababu betri yenyewe ni rahisi kupatikana ukijua kusoma namba. Betri iliyoandikwa 402030 ina unene wa milimita 4.0, upana 20 na urefu 30. Chukua ya vipimo hivyo hivyo au nyembamba kidogo, kamwe usichukue nene zaidi, maana betri huvimba kidogo kadiri inavyozeeka na ikikosa nafasi itasukuma kioo. Pima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kulipa: betri mpya iliyohifadhiwa vizuri huwa kati ya volti 3.7 na 3.9. Iliyo chini ya 3.0 imekaa sana dukani, irudishe. Hakikisha ina kile kibao kidogo cha ulinzi chini ya utepe wa manjano, na kwamba volti ya kujaa ni ile ile ya betri ya zamani. Betri ya 4.2 ikiwekwa kwenye saa inayochaji hadi 4.35 itajazwa kupita kiasi, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kufungua ndiko kunakoharibu saa nyingi. Shusha chaji hadi chini ya asilimia 25 na uizime. Pasha ukingo wa kioo kwa nyuzi 70 hadi 80 dakika chache, ingiza kadi nyembamba ya plastiki, na usiizamishe zaidi ya milimita mbili. Anayetumia kisu hukata waya bapa wa kioo, na kioo kipya kinaweza kugharimu kuliko saa. Kwenye Apple Watch hadi Series 5 kuna pia utando wa kuhisi mgandamizo pembezoni mwa kioo, unaopasuka kwa urahisi sana. Betri huwa imegandishwa kwa gundi: dondoshea matone ya alkoholi ya isopropili pembeni, subiri, kisha inua kwa plastiki. Usitie bisibisi chini yake. Kama waya zimelehemiwa, kata mmoja, uufunike kwa utepe, ndipo ukate wa pili. Kuzikata zote kwa mkupuo mmoja ni kuzigusanisha, na betri inapiga shoti. Katika kulehemu, sekunde mbili au tatu kwa kila waya zinatosha.

Jaribu kila kitu kabla ya kubandika: kioo, mtetemo, kihisi cha mapigo ya moyo, kuchaji. Kisha safisha gundi yote ya zamani, weka mpira mpya wa kuzuia maji kama unapatikana, na kama haupatikani tumia uzi mwembamba wa gundi ya B-7000. Bana kwa mipira ya kufungia (rababendi), acha masaa 24 kamili. Fundi anayekukabidhi saa baada ya nusu saa amekupa kioo kitakachoachia.

Na hata ikikaa masaa 24, ichukulie kuwa haizuii maji tena. Alama ya ATM 5, inayoonyesha uwezo wa saa kuhimili maji, ilitokana na kifuniko cha kiwandani, na bila mashine ya kupima shinikizo hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba imerudi. Ukikaa pwani, usiingie nayo baharini. Maji ya chumvi yakipenya tundu dogo tu yanakula saketi kwa siku chache. Anayetawadha mara tano kwa siku aivue kabla ya kuosha mikono, kwa kuwa maji hayo madogo yanajirudia zaidi ya mara 1,800 kwa mwaka. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kubadilisha betri ya saa ya kuogelea.

Hali moja haihitaji hesabu. Kioo kikianza kuinuka upande mmoja, au mgongo wa saa ukiachana na fremu, betri imevimba. Ivue, usiichaji tena, usijaribu kukibonyeza kioo kirudi. Mwaka 2022 saa za Fitbit Ionic ziliitwa zirudishwe kwa sababu betri zilipata joto kupita kiasi na watu waliungua mikono, kwa hiyo hili si jambo la kutishana bure. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na vinavyoshika moto. Betri iliyotolewa salama, ziba ncha zake kwa utepe na uipeleke wanakopokea taka za kielektroniki. Nairobi, WEEE Centre huzipokea. Usiitupe jalalani, kwani takataka huchomwa, na aliyesimama karibu na moto huo hajui kilichomo.