Neno "ataelewa" limenitoa jasho

Jana nilipitia maandalio yangu ya somo ya muhula uliopita, hapa Busia, nikaona aibu. Nilikuwa nimeandika: "Mwanafunzi ataelewa ujenzi wa kona ya ukuta." Ataelewa! Nitampimaje? Nimpasue kichwa?

Kijana mmoja alinijibu maswali yote ya darasani bila kukwama. Tukatoka nje, nikampa mwiko na matofali. Kufika kozi ya nne, yaani safu ya nne ya matofali, kona imelala kama mlevi. Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, ikaning'inia vidole viwili mbali na ukuta. Wala hakuona.

Mwaka 1962 mtaalamu wa elimu Mmarekani, Robert Mager, alishasema lengo la somo lionyeshe kitendo, mazingira ya kazi na kiwango kinachokubalika. Basi nimeandika upya: "Akipewa matofali, mota ya saruji, pimamaji na timazi, mwanafunzi atajenga kona ya kozi 6 kwa saa 2, isipinde zaidi ya milimita 5." (Hizo saa 2 nimebahatisha, mikono ya mwaka wa kwanza ni mizito.)

Nimelibandika karakana. Leo asubuhi nimemkuta yule kijana ameshika timazi, anajipima mwenyewe kabla sijafika.